Kinywa cha Pili cha Bi Kalunde

Msabila Kapela hakuwa na digrii, wala diploma, wala ile picha ya kuvaa joho ambayo mafundi wenzake waliitundika ukutani. Hakuwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kilibaki kwenye mashine ya kukamulia alizeti alipokuwa kijana. Hakuwa na mke tangu miaka tisa iliyopita, hakuwa na baiskeli nzima, na Jumatano ile asubuhi hakuwa na hata kebo moja ya akiba ya kuaminika. Alichokuwa nacho ni kibali namba kumi na saba, kinachomruhusu kufungua na kutengeneza Vinywa vya marehemu katika mkoa mzima wa Tabora. Alikipata akiwa na miaka arobaini na sita, baada ya kusoma masomo ya jioni kwa miaka minne, na katika mkoa huo hapakuwa na mwingine mwenye nacho. Aliweka nakala mfukoni na ile halisi kwenye fremu, juu ya meza yake ya kazi.

Ofisi ya Wasia ilikuwa nyuma ya stesheni ya reli. Katikati ya chumba kilisimama Kinywa, sanduku la chuma kubwa kama mzinga wa nyuki, lenye kioo mbele na spika ubavuni. Ndani yake, katika tundu la kwanza, ilikaa diski ya Bi Kalunde, mama aliyezikwa siku thelathini na tisa zilizopita. Kesho ilikuwa arobaini yake. Adhuhuri, mbele ya ukoo wote, karani angekiuliza Kinywa swali la urithi mara tatu, nacho kingejibu mara tatu kwa sauti ya Bi Kalunde. Kisha kingezimwa, na jibu lake lingekuwa sheria.

"Baba, ndiyo hii," alisema Milembe.

Alikuwa mjane wa mtoto wa mwisho wa Bi Kalunde. Miaka kumi na miwili alikaa na mkwewe, akatunza mizinga mia moja na arobaini ya familia katika msitu wa kusini, na vidole vyake bado vilikuwa na alama za miiba ya nyuki. Alifungua pindo la kanga, akatoa diski nyeusi yenye mikwaruzo.

"Mama alinipa hospitali, siku tatu kabla hajatutoka. Akasema, mpelekee Msabila, yale ya mwisho yamo humu. Nimekaa nayo nikiogopa. Sasa naona kesho ni kesho."

"Amesema nini ndani yake?"

"Sijui. Aliongea nayo usiku, mimi nikitumwa nje."

Msabila aliichukua kwa mikono miwili, akaichomeka katika tundu la pili. Kioo kiliwaza kidogo, kikaandika: DISKI ZILIZOONEKANA: MOJA.

Karani wa ofisi, Zuhura Pazi, alinyanyua shingo kutoka kwenye majalada yake. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mwanamke wa miaka hamsini, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, hakuna siku iliyopita bila kumchokoza Msabila, Mnyamwezi wake.

"Mtani, mashine yako hata kuhesabu mbili imeshindwa?"

"Nyamaza, Mzaramo. Kwenu kila kitu chenye waya mnadhani ni ngoma."

"Na nyie kila kitu mnataka kukibeba kichwani. Kibebe basi, labda kitawaka."

Milembe hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa benchi, macho kwenye kioo.

Mwalimu Sizya, aliyemfundisha Msabila masomo ya jioni, alikuwa na kanuni yake: anza na kilicho karibu na rahisi, usikimbilie kusema kitu kimekufa. Kwa hiyo Msabila alianza na umeme. Aliweka vidole vitatu mgongoni mwa diski, akahisi mtetemo, ilikuwa ikizunguka. Basi umeme unafika. Akainama, akatega sikio. *Tak.* Kimya. *Tak-tak.* Sauti ile ilimaanisha kuwa sindano ndogo inayosoma ndani ya diski inakosa njia na kurudi mwanzo, na diski ya namna hiyo huwa haina siku nyingi. Na zaidi ya hapo, alikuwa na hisia kwamba aliwahi kuisikia mahali.

Akabadili kebo, akitumia ya mashine ya kuchapia. Moja. Akahamisha kebo upande wa pili wa ubao. Moja. Akakizima Kinywa na kukiwasha upya. Hilo liliruhusiwa. Lisiloruhusiwa ni kuchomoa diski ya marehemu aliyekwisha kuamshwa, maana ikichomolewa ufunguo wake huungua wenyewe na haiamki tena. Serikali iliweka hivyo ili watu wasiwe wanabadilishabadilisha wazazi wao.

Kabla Kinywa hakijaamka kabisa huwa kinaonyesha ukurasa mmoja wa ndani, wa mafundi. Msabila alivaa miwani, akasoma. Pale diski zilikuwa mbili.

"Kumbe unaiona," aliiambia mashine kwa sauti ndogo. "Unaiona, ila hutaki kuionyesha."

*

Mihayo, mtoto mkubwa wa Bi Kalunde, aliingia akiwa amevaa suti ya kaunda, karatasi ya orodha ya wageni mkononi. Alimwamkia Msabila vizuri, akamwona Milembe, akaiona diski, na uso ukabadilika.

"Shikamoo tena, mzee. Hiki ni nini?"

"Marahaba. Tunaangalia. Shemeji yako ameleta diski."

"Leo? Siku thelathini na tisa amekaa kimya, leo ndiyo analeta?"

"Nilikuwa naogopa, shemeji," alisema Milembe.

"Uliogopa nini? Mimi nakula watu?"

Wakati huo kioo kilikuwa kimefungua kisanduku kidogo katikati: DISKI MPYA HAIJAANDALIWA. NIIANDAE? NDIYO. HAPANA.

"Si hiyo hapo, mzee," alisema Mihayo akinyoosha kidole. "Inaomba yenyewe. Bonyeza ndiyo, tujue moja. Ng'ombe wamefungwa nyumbani, watu wanatoka hadi Nzega."

Msabila alimshika mkono kabla haujafika. Ukucha wa Mihayo ulikuwa nusu inchi kutoka kwenye kioo.

"Kijana wangu, mashine ikisema kuandaa, inasema kwa adabu tu. Inataka kufuta kila kilichomo ianze upya. Mafundi wangapi wamepoteza kazi za watu kwa kubonyeza ndiyo hii!"

Alibonyeza HAPANA mwenyewe. Kisha akafungua orodha ya ndani ya diski, mahali ambapo mashine huandika sababu zake, na akasoma mstari ule mara mbili.

DISKI YA 2: IMEFUNGIWA. ALAMA YAKE NI ILE ILE YA DISKI YA 1.

Kila diski hupewa alama ya namba, kama mtoto anavyopewa namba shuleni. Mashine ikikuta diski mbili zenye alama moja, haijui ipi ni ipi; hushika ile ya kwanza na kuificha ya pili, ili zisichanganyike. Haifanyi kwa hila, imefundishwa hivyo. Na alama haiwezi kufanana kwa bahati. Hufanana kwa njia moja tu: fundi amenakili diski nzima juu ya nyingine, herufi kwa herufi, pamoja na alama yake. Mkoani Tabora fundi wa kufanya hivyo alikuwa mmoja.

Msabila aliielekeza diski kwenye mwanga wa dirisha. Ubavuni, kwa ncha ya bisibisi, palikuwa pamechorwa herufi mbili anazochora kwenye kila diski inayopita mikononi mwake: M.K.

Sasa alikumbuka ile *tak-tak* aliisikia wapi.

*

Ilikuwa miaka miwili nyuma. Bi Kalunde alikuja na diski yake ikigonga, Msabila akanakili kila kitu kwenye diski mpya, kazi ya siku nzima, safi kabisa. Sheria ilisema diski ya zamani ipondwe kwa nyundo mbele ya mwenyewe, kisha fundi aandike kwenye fomu: *Imepondwa.* Nyundo alikuwa nayo mkononi.

"Msabila," mama yule alimwambia, "sauti yangu ni kama nywele zangu na kucha zangu. Kwetu nywele hazipondwi wala hazitupwi. Mwenyewe huzichukua akazizika anapopajua. Nipe nikazike."

Naye alimwelewa. Mama yake mwenyewe alikuwa akiokota kucha zake moja moja kutoka kwenye mkeka. Akampa diski, na kwenye fomu, kwa mwandiko wake mzuri aliojivunia, akaandika *Imepondwa.* Aliona ni heshima. Hakufikiri kwamba mwanamke anayeumwa atakosa nguvu ya kuizika, ataiwasha aikute bado inazunguka na kunasa sauti, na ataanza kuiambia mambo.

Kwa hiyo diski ya kwanza ilimjua Bi Kalunde wa miaka miwili iliyopita, maana miguu ilipomshinda hakurudi tena ofisini kuiongezea maneno. Ya pili ilimjua hadi siku tatu kabla ya kifo.

Alimwomba Mihayo na Milembe wakae nje barazani kidogo. Wakatoka, mmoja akakaa mwisho huu wa benchi, mwingine mwisho ule. Msabila akasogea kwenye spika.

"Bi Kalunde."

"Naam, baba." Sauti ilikuwa yake hasa, hata ile pumzi ya kukohoa. "Nani? Msabila?"

"Ni mimi. Nina swali la kifundi. Ile diski yako ya zamani, iko wapi?"

"Si uliiponda?"

"Unakumbuka nikiiponda?"

"Sikumbuki, hapo ulikuwa umeshaninakili. Lakini fomu imo humu kwangu, naiona. Umeandika imepondwa. Nawe husemi uongo, Msabila. Ndiyo maana nilikuja kwako, sikwenda kwa wale vijana wa Dodoma."

Msabila aliigeukia diski ya pili, akaziangalia tena zile herufi mbili.

"Umeona nini?" iliuliza sauti, na safari hii ilikuwa na wasiwasi. "Unataka kunichomoa?"

"Hapana, mama. Pumzika."

Alipogeuka, Zuhura alikuwa amesimama nyuma yake, kalamu sikioni. Alikuwa amesikia yote, na utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Msabila. Hukuiponda."

"Sikuiponda."

"Na fomu?"

"Niliandika mimi."

Zuhura alifunga mlango. "Ibadilishie alama hiyo ya pili. Si dakika mbili? Itaonekana."

"Itaonekana, lakini haitakuwa ya Bi Kalunde tena. Sheria inamtambua marehemu kwa alama. Nikiibadili, kesho Mihayo atasema ni sauti ya kuigiza, na atashinda, kwa haki. Nikichomoa ya kwanza, ya pili itaamka, ila huyu niliyezungumza naye sasa hivi atazimika. Mihayo anakuja kumwamkia kila asubuhi. Na hiyo ya pili inagonga, Zuhura. Inaweza kuamka ikafa katikati ya sentensi. Nitakuwa nimewapotezea wote wawili."

"Basi ibaki ilivyo. Mrudishie Milembe, mwambie imekufa. Inagonga kweli, si uongo mkubwa."

Hapo Msabila alitazama ukutani, kwenye fremu. Lilikuwa jambo jepesi, na lingekuwa na mwisho mwema kwake. Kesho Kinywa kingesema yale ya miaka miwili nyuma, ambayo ukoo mzima uliyajua: mizinga yote kwa Mihayo, na Milembe arudi kwao Urambo. Naye angebaki fundi namba kumi na saba. Alifungua mlango, akamwita Milembe peke yake.

"Mwanangu, nikikwambia diski hii haisomeki, utafanya nini?"

Milembe alikaza pindo la kanga yake.

"Nitafunga mizigo, baba. Lakini niambie kweli. Hata kama humo ndani amenifukuza upya, nataka nisikie amenifukuza akiwa ananijua. Yule wa humu kwenye sanduku hajui kwamba nilimwogesha miezi mitano."

Msabila alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na vumbi.

"Inasomeka," alisema. "Ila si kwa mkono wangu."

Akakata umeme wa tundu la pili. Diski ilizunguka kidogo, ikagonga mara ya mwisho, ikanyamaza. Akaichomoa na kumpa Zuhura aifungie kabatini. Hakuna aliyejua kama ingewaka tena.

*

Njia ilibaki moja. Msajili Mkuu wa Wasia, Dodoma, alikuwa na kifaa cha kusomea diski bila kuziamsha, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kusikiliza Vinywa viwili vya mtu mmoja. Barua ya pingamizi ikigongwa mhuri wa posta kabla ya arobaini, Kinywa husimama hadi Msajili afike. Lakini lazima iwe barua ya karatasi. Tangu mashine zilipojua kuiga sauti na uso wa kila mtu, serikali haikuamini ungamo lolote ila la wino, kwa mkono wa mwenyewe, lililofungwa kwa lakiri, ile nta ya mhuri, na kukandamizwa dole gumba. Mfuko wa posta ulifungwa saa tisa alasiri. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika tano.

Mihayo alipoambiwa kuna barua inayoandikwa, aliingia kwa hatua kubwa.

"Mzee, hapana! Siku thelathini na tisa mama anazungumza na mimi. Nimemuuliza kuhusu mbuzi, kuhusu watoto, amenijibu. Sasa mnataka kuniletea mama mwingine? Karani, uliza swali sasa hivi! Sheria inasema hadi siku ya arobaini, haisemi lazima siku ya arobaini. Mimi ni mkubwa wa ukoo, wajomba wawili wameshafika hapo nje, wanatosha kuwa mashahidi. Uliza!"

Na ilikuwa kweli, sheria iliruhusu. Karani akiombwa na mkubwa wa ukoo hakuwa na uwezo wa kukataa.

Zuhura alimtazama Mihayo, akamtazama Msabila. Kisha akavua kanga ya mabegani, akaitandika sakafuni mbele ya Kinywa, akajilaza chali, mikono kifuani, miguu ikiwa imezuia kitufe cha chini, anachobonyeza karani ili kuuliza swali.

"Nani ananitoa hapa?" alisema akitazama dari. "Mimi ni mtani wa marehemu. Msibani nilikuwa likizo, hamkunipa haki yangu, mkafukia kaburi bila Mzaramo hata mmoja kulala ndani na kudai chake. Leo nalala."

"Dada Zuhura, tafadhali. Si wakati wa utani."

"Utani una wakati? Mama yako alikuwa mchoyo wa asali, Mungu amrehemu. Miaka sita naomba kibuyu kimoja, ananiambia nyuki wamelala. Na mimi nimelala. Nataka asali ya msitu, mbichi, na nta yake, iletwe hapa na wajomba wenyewe. Nikishaonja naamka."

Barazani wajomba walianza kucheka, kwanza kwa kujizuia, halafu wazi. Mihayo alisimama mikono ikining'inia. Mtu hamkasirikii mtani wa marehemu, wala hamgusi. Ukimgusa, msiba unabaki nyumbani kwako. Alijua hivyo tangu utotoni. Akainama, akaziba uso kwa ile orodha ya wageni, na mabega yakaanza kumtikisika. Haikujulikana kama anacheka au analia.

"Kaleteni asali," aliwaambia wajomba. "Kwenda na kurudi saa nzima."

"Nendeni taratibu," Zuhura aliwapigia kelele. "Nina usingizi."

Msabila aliandika. Barua ya kwanza ilianza, *Kutokana na hitilafu ya kiufundi.* Aliisoma, akaichana. Hitilafu ya kiufundi haikushika kalamu siku ile. Ya pili alitaja nywele na kucha, na huruma, na umri wa mama. Nayo akaichana, maana ilikuwa ikimwombea yeye. Saa nane na nusu ikapita. Ya tatu ilikuwa fupi.

*Kwa Msajili Mkuu wa Wasia. Mimi Msabila Kapela, mwenye kibali namba kumi na saba, miaka miwili iliyopita niliandika kwamba diski ya Bi Kalunde imepondwa. Haikupondwa. Nilimrudishia mwenyewe kwa mkono wangu. Diski hiyo ni nzima lakini dhaifu, na inabeba maneno ya baadaye kuliko haya yaliyomo Kinywani. Sijui yanasema nini. Naomba uje uyasikilize kabla Kinywa hakijaulizwa. Mkwe wake hana kosa. Karani hana kosa. Wala mtoto wake hana kosa. Kosa ni langu.*

Akashusha fremu ukutani, akatoa kibali halisi. Karatasi ilikuwa imegeuka manjano pembeni, na pale ilipokuwa ikining'inia ukuta ulibaki mweupe. Akakikunja mara mbili, akakitia ndani ya bahasha pamoja na barua. Akawasha mshumaa, akadondosha lakiri nyekundu, na kabla haijapoa akakandamiza dole gumba. Iliunguza. Hakulitoa mpaka ilipoganda.

Alivuka reli kwa haraka kadiri miguu yake ilivyoweza. Milembe alikuwa kando yake. Dirishani posta, mama mwenye mhuri alikuwa ameshaanza kufunga mdomo wa mfuko kwa kamba.

"Umechelewachelewa, mzee. Kuna kitu cha thamani ndani? Niandikishe?"

"Kipo," alisema Msabila. "Andikisha."

Mhuri uligonga mara moja. Mama yule aliilegeza kamba, akaitumbukiza bahasha, akaikaza tena kwa mafundo mawili.